Nimekwama Hatua ya Nne

Bakoba, Bukoba
4 Machi 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu umeandika kwamba umeshastaafu, na mimi bado nina miaka saba ya chaki mbele yangu.

Barua pepe yako ya kujitolea tumeipokea. Nasema "tumeipokea" ili uone tuko wengi. Upande wa Kiswahili tuko watatu: mimi, binti mmoja wa Dodoma anayejibu mara moja kwa mwezi, na mzee wa Tanga ambaye kazi yake ni kubishana nami kuhusu mkato na nukta. Sasa na wewe wa Muleba. Tumekuwa jeshi.

Kazi yenyewe ni hii. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoiamsha na kuiambia hii ni skrini, hiki ni kibodi, amka ufanye kazi. Huu wetu hauna mwenyewe. Unatengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua aone ulivyoshonwa, na kuugawa. Shule zenye kompyuta kuukuu zinaupenda kwa sababu hauzilemei. Kinachokosekana ni mwongozo wa kueleweka. Nimekuwa nikiuandika kwa Kiswahili miaka minne sasa, na mpaka leo mke wangu Mastura akisoma ukurasa wangu huniuliza, "Saburi, hapa ulikuwa unaongea na nani?"

Ndiyo maana tunakuhitaji wewe usiyejua. Usiudhike. Anayejua huruka hatua bila kuona kwamba ameruka. Wewe fungua ukurasa, fuata hatua moja moja kama zilivyoandikwa, usiongeze akili yako hata kidogo. Ukikwama, niandikie: ukurasa gani, hatua ya ngapi, umekwama vipi. Mimi nitarekebisha. Kukwama ndiyo kazi yako. Mimi nimekwama maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunishukuru.

Jambo moja la haraka: toleo jipya linafungwa tarehe 31 Julai. Baada ya hapo mwongozo unaingizwa ndani ya mfumo na kwenda kwenye kompyuta za shule, na hatuwezi kugusa hata herufi mpaka toleo la mwaka unaofuata.

Halafu, nikuite mama nani? Siwezi kumwita mtu mzima jina lake tupu, nitajiona kama naita mahudhurio.

Wako katika kukwama,
Saburi Haidari


Kamachumu, Muleba
9 Machi 2024

Mdogo wangu Annastella,

Nimempa jirani yetu Karugendo karatasi hii akuletee hapo Nyanga, anakuja mjini kesho. Kwenye simu nitalia, na wewe ukinisikia nalia utapanda gari, maharage yako yabaki shambani.

Nimeifungua kompyuta ya Rwekaza.

Imekaa kabatini mwaka na miezi mitatu, nimeifunga kwa kitenge kama mtoto. Nilipoiwasha ikataka neno la siri. Nikaandika jina langu, ikakataa. Jina la marehemu baba yake, ikakataa. Jina la somo wake, ikakataa. Nikakaa nikamtazama Gaju pale nje anatafuna maganda ya ndizi, nikaandika Gaju. Ikafunguka. Mwanangu, neno la siri jina la ng'ombe!

Unakumbuka tulivyokuwa tukimsema, kutwa nzima kainamia mashine, tukadhani ni michezo? Alikuwa anaandika mwongozo wa kuwafundisha watu kompyuta. Anajitolea. Uko kwenye mtandao, kila mtu anausoma. Na Annastella, ni yeye kabisa, anavyoongea. Kwenye ukurasa wa neno la siri ameandika: "Usitumie jina la ng'ombe wenu, kijiji kizima kinalijua." Nilicheka kwa sauti. Sijacheka hivyo tangu tumzike.

Na wewe umo. Kwenye ukurasa wa kunakili faili ameandika: "Ukinakili, la kwanza linabaki palepale. Ni kama mama anavyotoa chipukizi la mgomba kwenda kulipanda kwa dada yake Nyanga: yule kapata mgomba, na shina la nyumbani liko vilevile." Shina lenyewe tumeling'oa mwezi uliopita, limepigwa na mnyauko. Hilo lako litunze.

Halafu kuna ukurasa wa kuweka mfumo upya. Kuna mahali mashine inafanya kazi peke yake na mtu anangoja tu. Ameandika: "Sasa subiri. Inachukua kama dakika ishirini. Kama mama yako yuko karibu, mchemshie chai. Ukirudi itakuwa imemaliza." Kumbe zile chai za saa kumi alizokuwa ananiletea kibarazani, alikuwa anaisubiri mashine! Na mimi nilikuwa najisifu kwa wanawake wenzangu kanisani kwamba nina mtoto mwenye mapenzi. Nimelia, kisha nimeona kwamba mapenzi yalikuwapo, maana angeweza kuisubiri amekaa.

Hatukumrekodi sauti, unajua. Alikuwa anakimbia kamera. Sauti yake yote iliyobaki duniani iko kwenye kurasa hizo.

Lakini nimekuta na barua. Imetoka kwa mtu wa Bukoba anaitwa Saburi Haidari, ndiye msimamizi wao. Ilifika tarehe 14 Januari mwaka jana. Sitakuandikia yote. Anamwambia, "Kama umechoka sema. Usituache tumekaa kama wageni wa harusi ambayo bwana harusi katoroka." Wiki sita tangu tumweke kwenye kibanja, chini ya ile mibuni ya baba yake, na mtu anamwita mtoro.

Nimemwandikia huyo Saburi. Nimejitolea kumsomea kurasa zake. Sijamwambia mimi ni nani, maana nataka kwanza nimjue mtu anayeandika vile. Amenijibu vizuri, na ana utani, hilo ndilo limenichanganya.

Usinigombeze.

Dada yako,
Klaudia


Kamachumu, Muleba
15 Machi 2024

Mwalimu Saburi,

Marahaba. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja, na nimepitiwa na wakaguzi wa kila aina. Kuambiwa nisiongeze akili yangu si jambo geni.

Taarifa yangu ni hii.

Ukurasa wa Kuwasha. Hatua ya 1 inasema "Bonyeza kitufe cha kuwasha." Kitufe kiko wapi, waitu, ndugu yangu? Nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Kimoja kikatoa kisahani, nikapata pa kuwekea kikombe. Nimekwama hatua ya 1.

Ukurasa wa Kunakili. Sikukwama. Mfano wa mgomba unaeleweka. Uache.

Ukurasa wa Neno la Siri. Sikukwama. Uache.

Ukurasa wa Kuweka Mfumo Upya. Sijaufanya, naogopa kufuta kitu. Nimeusoma tu, mara nyingi. Uache na huo.

Kuhusu jina, niite Klaudia tu.

Klaudia Lwakatare


Bakoba, Bukoba
8 Aprili 2024

Mwalimu Klaudia,

Ulisema nikuite Klaudia tu. Nikajaribu kulitamka kwa sauti, kulizoea. Mastura akauliza kutoka jikoni, "Klaudia ni nani?" Kwa amani ya nyumba hii utabaki Mwalimu.

Ukurasa wa Kuwasha ni wangu mwenyewe, na kisahani chako kimenimaliza. Miaka minne watu wameusoma ukurasa ule na hakuna aliyeniambia kwamba sikusema kitufe kiko wapi. Nimeongeza: "Kwenye nyingi kiko mbele, kina alama ya duara lenye mstari juu." Na nimeongeza pia: "Kisahani kikitoka, kirudishe." Hiyo ni kwa heshima yako.

Sasa habari njema. Makao makuu, yaani watu kumi hivi waliotawanyika duniani wanaoandikiana kila wiki, wametuma kanuni mpya za uandishi. Kila hatua sentensi moja. Hakuna visa, hakuna mifano ya nyumbani, maana mwongozo lazima ufanane kwa lugha zote. Basi nimekaa na kisu changu siku za mapumziko ya Pasaka. Ukurasa wa Kunakili ulikuwa na maneno 212. Nimeuacha na 58! Mgomba nimeung'oa, ng'ombe nimemfukuza zizini.

Najua ulisema niviache. Nimechukulia ni adabu ya ualimu tu, mtu hapendi kumkatisha tamaa mwandishi. Usinionee huruma. Kwenye kazi hii mimi ni kinyozi: nywele si zangu, mkasi ni wangu.

Jaribu kurasa mpya uniambie.

Saburi


Kamachumu, Muleba
11 Aprili 2024

Mwalimu Saburi,

Ukurasa wa Kunakili, ule mpya. Nimekwama hatua ya 2. Zamani nilielewa kwamba la kwanza linabaki palepale. Sasa sijui linabaki au linaondoka. Niliogopa kubofya, nikaizima.

Ukurasa wa Neno la Siri, mpya. Nimekwama. Unasema "Usitumie maneno yanayokisiwa kwa urahisi." Yapi? Zamani ulisema.

Rudisha mgomba. Rudisha na ng'ombe.

Klaudia


Bakoba, Bukoba
29 Aprili 2024

Mwalimu Klaudia,

Barua yako imenifundisha jambo. Nilijisifu kwa maneno 58, kumbe mtu makini kama wewe anakwama humohumo. Kosa ni langu: bado yalikuwa mengi. Nimekaa tena nikayapunguza mpaka 31. Sasa hata mzee wa Tanga hana pa kuweka mkato.

Na nimefika kwenye Kuweka Mfumo Upya. Pale hatua ya nne kulikuwa na habari za chai na mama wa mtu. Nimeandika: "Subiri dakika 20." Nikamsomea Mastura, ya zamani na mpya. Akasema, "Ile ya chai ndiyo sentensi pekee kwenye mwongozo wako wote iliyonifanya nitake kushika kompyuta." Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akasema, "Sawa, na wewe leo chai yako subiri dakika ishirini."

Utaona nina wapinzani wawili, mmoja Kamachumu na mwingine jikoni kwangu. Lakini naamini mkiuzoea mtaupenda.

Mvua huku zimeharibu njia yote ya Buhembe, nafika shuleni suruali nimeikunja kama mvuvi. Huko vipi? Kahawa inaendeleaje?

Saburi


Kamachumu, Muleba
20 Mei 2024

Mwalimu Saburi,

Kahawa imeanza kuiva vizuri. Asante kwa kuuliza.

Leo sina taarifa ya kukwama. Nina swali. Kurasa hizo unazozikata, ya kunakili, ya neno la siri, ya kuweka mfumo upya, hukuziandika wewe. Nimesoma zako na hizo, mikono ni miwili. Mwalimu wa darasa la tatu hujua daftari ni la nani hata jina likifutika.

Aliziandika nani? Na mmemwambia kwamba mnazikata?

Klaudia


Bakoba, Bukoba
27 Mei 2024

Mwalimu Klaudia,

Kwa jicho hilo ungekamata wizi wa mitihani wilaya nzima.

Kweli, si zangu. Ziliandikwa na kijana mmoja anaitwa Rwekaza. Sijawahi kumwona. Nadhani alikuwa Dar, vijana wa kompyuta wote wako Dar. Tuliandikiana miaka miwili. Alikuwa na kalamu, siwezi kukataa, ila alikuwa msumbufu: unamwomba ukurasa mmoja, anakuletea na bibi yake na kuku wake. Nilikuwa namrudishia, "Rwekaza, punguza." Anajibu, "Sawa mzee," halafu anaongeza.

Basi siku moja akanyamaza. Hana jibu, hana kwaheri. Kazi yetu haina mshahara, Mwalimu, kwa hiyo mtu akichoka huyeyuka tu, tumezoea. Lakini yeye aliniuma, maana nilimtegemea. Nikamwandikia barua yenye pilipili kidogo, ya harusi na bwana harusi mtoro. Mpaka leo naiona ile sentensi kuwa nzuri kuliko yoyote niliyoiandika kwenye mwongozo. Hakujibu hata hiyo.

Kanuni yetu ni kwamba aliyenyamaza mwaka mzima anatolewa kwenye ukurasa wa Walioandika, tusionekane tuna watu ambao hatuna. Desemba iliyopita nimemtoa. Kwa hiyo hapana, hatujamwambia. Tungemwambia wapi?

Pengine yuko mahali ananenepa na mshahara mzuri, ametusahau. Mimi nikipata nafasi hiyo nitawasahau hata nyinyi.

Nakutumia kurasa nne mpya. Usinionee huruma.

Saburi


Bakoba, Bukoba
24 Juni 2024

Mwalimu Klaudia,

Mwezi mzima sijasikia umekwama. Ama kurasa zangu zimekuwa kamilifu, jambo ambalo Mastura hakubaliani nalo, ama unaumwa. Nijulishe.

Saburi


Bakoba, Bukoba
29 Julai 2024

Mwalimu Klaudia,

Keshokutwa tunafunga. Nilitamani upitie Kuweka Mfumo Upya kwa mara ya mwisho, lakini nimeona nisikusumbue zaidi. Nimeufunga kama ulivyo.

Nimejiuliza kama nilikukosea. Utani wangu una tabia ya kutangulia akili. Mastura anasema huenda nilipomsema yule kijana nawe ukaona kwamba siku moja nitakusema hivyo. Sitakusema. Jina lako nimeliweka kwenye ukurasa wa Walioandika, chini ya langu. Ukinyamaza miaka kumi litakuwapo, kanuni au si kanuni.

Natumaini u mzima.

Saburi


Kamachumu, Muleba
4 Agosti 2024

Mwalimu Saburi,

Hii hapa nimeinakili kutoka kwenye kompyuta ninayotumia. Tazama kama unaitambua.

"14 Januari 2023. Kijana Rwekaza, karibu miezi miwili hatujakusikia. Kama umechoka sema. Usituache tumekaa kama wageni wa harusi ambayo bwana harusi katoroka na wapishi wameanza kufungasha masufuria. Msimamizi wako, S. Haidari."

Joackim Rwekaza alikuwa mwanangu wa pekee. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2020, ndiyo maana alikuwa nyumbani kutwa na mashine. Hakuwahi kufika Dar. Alifariki tarehe 29 Novemba 2022, tukamzika tarehe 2 Desemba. Barua yako ilipofika, udongo ulikuwa bado haujashuka.

Nilipokuandikia mara ya kwanza nilikuwa na hasira. Nilitaka nikujue, kisha nikuambie neno moja zito, niondoke. Halafu ukawa mtu wa utani, una mke anayekukosoa jikoni, nikakosa pa kulitupa. Nikaona basi nitazisoma tu kurasa zake, nikae naye. Ukaanza kukata.

Sikukwama kwenye kunakili. Nilikudanganya. Nilidhani nikisema nimekwama utarudisha. Ukakata zaidi. Mwezi wa tano nilikuwa karibu kukuambia, nikakuuliza ni nani aliyeandika, nikitumaini utasema neno moja zuri nipate njia ya kuanzia. Ukaniambia ananenepa.

Nilitaka kukuandikia kabla ya tarehe 31. Kila nikifungua, macho yanaangukia neno hilo la kunenepa. Nilitaka uache kukata mwenyewe bila kuambiwa. Hilo ni kosa langu, na nimelijua tarehe ikiwa imepita.

Uliniuliza uniite mama nani. Sasa unajua kwa nini sikujibu.

Klaudia


Bakoba, Bukoba
6 Agosti 2024

Mama,

Nimeisoma barua yako jana darasani, wanafunzi wakiwa wanaandika. Nimetoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu. Sina utani wa kukuandikia leo, nao ulikuwa ndio akili yangu yote.

Barua ile niliiandika mimi. Niliipenda. Nimekuwa nikiisimulia kwa watu. Nimeambiwa miaka mingi kwamba naandika bila kujua naongea na nani, nikadhani ni neno la jikoni.

Nikuambie kila kitu kama kilivyo, vibaya kwanza.

Nimewaandikia makao makuu jana na leo asubuhi. Nimewaeleza yote. Wamesikitika, mmoja wao amesema amelia, lakini toleo lilishatoka tarehe 1, limeshapakuliwa, na hawafungui toleo lililofungwa kwa sababu yoyote. Kwa hiyo mwaka huu mzima, kwenye kompyuta za shule, kuna maneno yangu mafupi, na kwenye orodha jina la mwanao halimo. Na kwenye shule za hapo Muleba pia. Siwezi kulibadilisha. Nimejaribu kila mlango.

Kilichobaki ni hiki. Mfumo wetu hautupi kitu. Kila ukurasa una historia yake: nani kaandika nini, tarehe gani, nani kafuta. Nimeyarudisha yote aliyoyaandika, neno kwa neno, kwa ajili ya toleo la mwakani. Mgomba umerudi. Ng'ombe amerudi. Kwenye sababu ya badiliko nimeandika, "Msimamizi alikosea." Makao makuu wakisema ni marefu, watatafuta msimamizi mwingine wa kuyakata. Jina lake nimeliweka la kwanza.

Nilipokuwa naipitia historia nimeona badiliko lake la mwisho. Ni la tarehe 21 Novemba 2022. Ukurasa ni Kuweka Mfumo Upya. Hatua ya nne ilikuwa inasema "Sasa subiri. Inachukua kama dakika ishirini." Siku ile aliongeza sentensi mbili, ile ya chai na ile ya kurudi. Nimeona ni haki yako kujua.

Mimi na Mastura tunaomba ruhusa tuje kutoa pole, tumechelewa karibu miaka miwili. Ukisema hapana, tutaelewa.

Saburi Haidari


Kamachumu, Muleba
9 Agosti 2024

Mwalimu Saburi,

Tarehe 21 Novemba alikuwa kitandani hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwona anaandika kwenye simu. Nikamgombeza, weka hiyo simu upumzike. Akasema, "Ngoja mama, namalizia kitu kimoja." Nikadhani anachati.

Njooni Jumamosi. Mastura asibebe chakula, nitapika.

Klaudia


Kamachumu, Muleba
22 Septemba 2024

Mwalimu Saburi,

Mwambie Mastura kanga yake aliisahau kwenye kiti, na sirudishi mpaka aifuate mwenyewe. Mwambie pia Annastella kaleta chipukizi kutoka Nyanga, tumelipanda mbali na pale palipokuwa na mnyauko. Limeshika. Na wewe nakushukuru kwa kusimama pale kaburini bila kusema kitu. Nilikuwa naogopa utasema kitu. Kasinge, asante sana.

Kompyuta ya Rwekaza nimeirudisha kwenye kitenge chake, sitaigusa kwa majaribio. Naifungua kukuandikia wewe tu. Jaribio nimelifanya kwenye ile kuukuu ya shule uliyoniletea, na kurasa ulizozirudisha. Taarifa yangu ni hii.

Ukurasa wa Kuweka Mfumo Upya.

Hatua ya 1. Nimefanya.

Hatua ya 2. Nimefanya.

Hatua ya 3. Nimefanya. Niliisoma mara tatu kabla ya kubofya, si kosa la mwandishi.

Hatua ya 4. "Sasa subiri. Inachukua kama dakika ishirini. Kama mama yako yuko karibu, mchemshie chai. Ukirudi itakuwa imemaliza."

Nimewasha jiko. Nimechemsha chai, nimeileta kibarazani pale ninapokaa, nikakuta nimebeba vikombe viwili. Mashine imemaliza muda mrefu uliopita. Imeandika kwenye skrini kwamba iko tayari, inaningoja nibofye niende hatua ya tano. Nimeitazama tu. Chai imepoa, vikombe vyote viwili.

Nimekwama hatua ya nne. Usiirekebishe.

Mama Rwekaza